Baa za faiba: zile gramu 9 za kwenye pakiti zimetoka wapi?

Wiki mbili zilizopita mama mdogo alikuja nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, na kimfuko chenye baa za aina tatu, vile vitafunio vya kipande kilichofungwa kwenye pakiti, kakishika kama mtu anayetoka duka la dawa. Hospitali walimwambia sukari yake imeanza kupanda na choo kinafunga, kwa hiyo aongeze vyakula vyenye nyuzinyuzi, afu wifi yake aliyekuja likizo kutoka nje akamwambia asihangaike, kuna baa za faiba, unakula moja asubuhi moja jioni basi umemaliza kazi. Na hapa mjini wapo watu wanaziuza mtandaoni, moja elfu sita mpaka elfu saba, maneno yao ni yale yale, inashibisha, inasafisha tumbo, inakata kitambi. Sasa mama mdogo alichotaka kwangu ni jibu moja tu, kati ya hizi tatu ipi nzuri.

"Wewe si unasomaga hivi vitu," akanambia, "basi nisomee."

Nikazisoma zote tatu, mbele na nyuma, na nlichokiona ni kwamba swali la ipi nzuri halijibiki kwa kuangalia ile namba kubwa ya mbele. Jibu liko kwenye yale maandishi madogo ya nyuma ambayo wengi wetu tunayapita, na huwezi kuyaelewa kama hujui faiba yenyewe ni kitu gani, kwa hiyo wacha nianzie hapo.

Faiba ndo hizo hizo nyuzinyuzi. Ni ile sehemu ya chakula cha mimea ambayo utumbo mdogo hauwezi kuisaga ikawa sukari ya kuingia kwenye damu, inapita ilivo mpaka utumbo mpana. Ni ya mimea tu. Nyama, samaki, mayai, maziwa havina faiba hata chembe, ule vipi ule. Sisi watu wa Tanga tukisikia neno nyuzi akili inaenda moja kwa moja kwenye mkonge, jani linaingia kwenye korona, ile mashine ya kulichuna, linatoka limechunika, zinabaki singa nyeupe zinaanikwa juani, na picha hiyo inasaidia nusu tu, nusu nyingine inapotosha, maana faiba ya kwenye chakula mara nyingi haionekani kama uzi wowote. Ute wa bamia ni faiba. Ule mlenda unaovutika kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni ni faiba. Ngozi ya maharage ni faiba, pumba za mahindi ni faiba, na zile nyuzi za embe zinazokwama kwenye meno nazo ni faiba.

Mi kichwani kwangu nazigawa mbili, za ute na za pumba. Ya ute inanyonya maji inakuwa kama uji mzito, inafanya chakula kishuke taratibu na sukari iingie kwenye damu polepole, hii unaipata kwenye bamia, mlenda, maharage, oti. Ya pumba haiyeyuki, inaongeza mzigo kwenye choo na kuusukuma, ndo unayoikuta kwenye dona, ngozi za nafaka, mboga za majani. Vyakula vingi vya asili vina zote mbili kwa pamoja na hapo ndo uzuri wake ulipo. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, mtoto wa miaka 2 mpaka 5 gramu 15, wa miaka 6 mpaka 9 gramu 21, na wameweka neno moja la muhimu sana hapo, kwamba ni faiba inayopatikana kiasili ndani ya chakula chenyewe. Neno hilo likumbuke, tutalirudia.

Na kabla sijafika kwenye baa zenyewe kuna jambo huwa linaniuma kidogo. Mmoja wa watu walioifanya dunia ianze kuzungumza faiba ni Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi hapo jirani Uganda. Yeye aliona wagonjwa wa vijijini huku kwetu hawana sana matatizo ya choo kigumu, bawasiri na saratani ya utumbo mpana kama aliyoyazoea kwao, na miaka ya 1970 akawa anawaambia wazungu wenzake kwamba tofauti moja kubwa ni chakula, watu hawa wanakula nafaka isiyokobolewa na kunde na mizizi. Utafiti wa baadaye umeonesha mambo ni mengi zaidi ya hapo lakini hoja yake kuu imebaki. Yaani chakula kilichomshangaza ni cha bibi zetu, na leo sisi tumehamia kwenye sembe nyeupe na chapati na soda, tunanunua faiba imefungwa kwenye karatasi inayong'aa.

Haya, turudi kwenye baa. Mezani nilikuwa na tatu. Ya kwanza ya oti na asali, pakiti yenye vipande viwili jumla gramu 42, nyuma imeandikwa faiba gramu 2 na sukari gramu 11. Ya pili ya chokoleti, gramu 40, mbele imeandikwa kwa herufi kubwa faiba gramu 9. Ya tatu ya tende na karanga, gramu 45, faiba gramu 4, sukari gramu 18. Mama mdogo akaziangalia akasema basi si ishajulikana, ya pili imezishinda zote.

Kwa namba peke yake kweli imeshinda. Lakini mtego wa kwanza ni kwamba maneno "faiba nyingi" yana kipimo chake na mara nyingi kipimo hicho ni kwa gramu 100, sio kwa baa moja. Kanuni za kimataifa za chakula, zinazoitwa Codex, zinaruhusu chakula kijiite chanzo cha faiba kikiwa na gramu 3 ndani ya gramu 100, na kikifika gramu 6 kinaweza kujiita chenye faiba nyingi. Sasa piga hesabu ndogo, baa ya gramu 30 yenye kiwango hicho cha faiba nyingi inakupa gramu 1.8 tu. Chungwa moja la Muheza la saizi ya kati ulile na nyama yake lina kama gramu 3. Kwa hiyo muuzaji hajadanganya, ila wewe na yeye mmesoma vitu viwili tofauti. Angalia kila mara namba ya kipande kimoja unachokula wewe, na angalia pia kama hiyo namba ni ya pakiti nzima au ya nusu, maana ile ya oti ukila kipande kimoja umepata gramu 1 basi.

Mtego wa pili ndo mkubwa. Ile gramu 9 imetoka wapi? Geuza pakiti soma viungo, huwa vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatajwa kwanza. Ya chokoleti kiungo chake cha kwanza kabisa hakikuwa oti wala chokoleti, kilikuwa dondoo ya mizizi ya chikori. Chikori ni mmea wenye mizizi minene, wanaichemsha wanatoa kitu kinaitwa inulini, unga mweupe una utamu kwa mbali, ukiutia kwenye maji unayeyuka. Saa ingine utakuta inulini ya agave, na agave ni ukoo mmoja na mkonge wetu, mimea hiyo inaweka akiba yake ya chakula kwa namna inayofanana. Kwenye lebo inulini inahesabiwa faiba, na ni faiba kweli maana utumbo mdogo hauisagi. Ila angalia tofauti yake, haina ute mzito kama wa bamia na haina pumba. Ni kama vile mtu akwambie leo tumepika mboga ya bamia afu akakuletea maji yenye unga uliotolewa kwenye mmea mwingine kabisa, na hesabu ya faiba ikatoka sawa.

Sisemi inulini ni mbaya, tusije tukaenda upande wa pili. Ulaya mwaka 2015 waliruhusu kuandikwa kwamba inulini ya chikori inasaidia choo, mtu akila gramu 12 kwa siku. Kwa tatizo la choo la mama mdogo ina msaada wake. Kwa upande wa sukari ndo usiitegemee ifanye kazi ya faiba ya ute, kazi ya kupunguza mwendo wa sukari na kusaidia kushusha lehemu, yaani kolestro, imethibitika zaidi kwa zile nzito kama ya oti, na hata hiyo ya oti kwa lehemu kiwango chake ni gramu 3 kila siku za ile faiba yake yenyewe, ambazo kibaa kimoja hakifikishi.

Afu kuna suala la gesi, hili watu wengi wanalipata na hawajui limetoka wapi. Siku ile ile mama mdogo alikula mbili za inulini jioni kabla sijamaliza kumweleza. Usiku tumbo likajaa mpaka akavua mkaja, linanguruma, akaniambia asubuhi kwamba ameletewa sumu. Sio sumu. Utumbo mpana una bakteria wengi mno na inulini kwao ni kama unga wa kaimati ukishatiwa hamira ukawekwa juani, wanaushambulia mara moja unaumuka, gesi inatoka. Gesi kidogo ni dalili kwamba bakteria wanakula na hiyo ni kazi njema, lakini ukimpa mtu ambaye siku zote anakula wali mweupe na chapati gramu 18 kwa mpigo lazima ateseke. Faiba yoyote inaanzwa kidogo kidogo, nusu kwa siku, wiki nzima, afu unaongeza, na maji yawepo ya kutosha kwa sababu faiba bila maji inaweza kukaza choo badala ya kulainisha. Na mtu mwenye maumivu ya tumbo yasiyoisha au choo chenye damu, huyo ni wa kwenda kuonwa na daktari, baa iwekwe pembeni.

Kuhusu ladha, hilo tulilifanya kwa pamoja barazani baada ya alasiri, mi, mama mdogo, jirani yangu na binti wa dada ana miaka 12, nikazikata kwa kisu vipande vidogo juu ya sinia, chai ya rangi pembeni bila sukari ili isiharibu ulimi. Ya oti ukiing'ata inavunjika kwa sauti, kama mkate mkavu, na makombo yanakumwagikia yote, kanga ya mama mdogo ilijaa chenga mpaka kuku wakaanza kusogea. Utamu wake wa asali ni mzuri, unataka chai, lakini jirani alisema kweli kwamba hii ni biskuti. Nakubaliana naye, gramu 11 za sukari kwa gramu 2 za faiba ni biskuti.

Ya chokoleti ilimchukua yule binti moja kwa moja. Laini, inavutika kama tofi, inakwama kidogo kwenye magego, na ndani una vidonge vidogo vya chokoleti. Mi mdomo wa kwanza niliipenda, tatizo ni baada ya kumeza, unabaki utamu kwenye ulimi ambao hauishi, na nyuma yake kiuchungu kwa mbali, hiyo inatokana na vitamu vya kutengeneza vilivyowekwa kupunguza sukari. Kama kwenye viungo umeona maltitoli au sorbitoli jua hiyo ni jamii ya vitamu ambavyo ukizidisha vinaharisha, na maltitoli bado inapandisha sukari ya damu japo sio kwa kasi ya sukari ya kawaida, kwa hiyo maneno "haina sukari" kwa mgonjwa wa kisukari sio ruhusa ya kula atakavyo. Aangalie wanga wote kwa jumla.

Ya tatu ilitunyamazisha. Nyeusi nyeusi, nzito, inanata vidoleni, chumvi kidogo inapita katikati ya utamu wa tende, karanga zimesagwa nusu kwa hiyo bado unazitafuna. Viungo vyake vitatu tu, tende, karanga, chumvi. Jirani akaigeuza ile karatasi akaisoma mara mbili, akauliza, "Elfu saba, kwa tende na karanga?"

Mi niliipa hiyo namba moja kwa ladha na sina wasiwasi. Kwa lishe pia faiba yake imekuja na chakula chake, ngozi ya tende ipo, karanga ipo na mafuta yake na protini yake. Lakini gramu 18 za sukari ni nyingi, na hapa kuna imani moja nataka niiguse kwa sababu iko sana huku Pwani, kwamba sukari ya tende haina madhara kwa sababu ni ya asili. Tende imebarikiwa na ina faida, hilo sina ubishi nalo, ila sukari ya tende ni sukari, inaingia kwenye damu kama sukari, faiba inaipunguza kasi tu. Kwa mama mdogo nilimwambia nusu baa, tena baada ya chakula.

Imani nyingine ni ya rangi. Mkate wa kahawia sio lazima uwe na faiba, rangi inaweza kutoka kwenye sukari iliyounguzwa, unatakiwa kuona kiungo cha kwanza ni unga wa ngano isiyokobolewa. Kuna kipimo kidogo mi natumia dukani kwa mkate, biskuti na vitu vya nafaka, nachukua wanga wote nagawanya kwa faiba, ikija 10 au chini naendelea kusoma, ikizidi narudisha kwenye shelfu. Kwa baa zilizotiwa inulini kipimo hiki hakisaidii kwa sababu zinapita kirahisi mno, hapo kinachobaki ni kusoma viungo.

Na hii ya kukata kitambi mi siielewi imetoka wapi. Faiba inaweza kukusaidia ushibe na usile sana, hiyo ndo njia yake. Ukila wali wako kama kawaida, maandazi yako kama kawaida, afu juu yake ukaongeza baa mbili, umeongeza chakula. Hata inulini yenyewe ina kalori kama 2 kwa gramu kwa sababu bakteria wakiichachusha wanatoa vitu mwili unavitumia.

Sasa kitu ambacho nilitaka mama mdogo akione kwa macho yake, nikamwekea kwenye meza hesabu ya vitu vya hapa hapa. Bakuli la mbaazi zilizochemka, gramu 200, lina kama gramu 13 za faiba. Soma tena hiyo. Mbaazi za nazi za asubuhi zinaipita baa kali kuliko zote, na faiba yake ni ya ndani ya chakula chenyewe, kama lile neno la mwongozo linavotaka. Maharage yako hapo hapo karibu. Karanga za kuchoma gramu 100 zina kama 8.5, ufuta unakaribia 12, parachichi kama 6.7, mapera kama 5.4, bisi kavu zisizo na mafuta zinafika 14 japo ni nyepesi, gramu 100 za bisi ni beseni. Ubuyu nao usiusahau, unga wake una faiba nyingi, ila ule mweupe, sio wa rangi nyekundu uliopikwa na sukari. Kashata tunayoipenda sote siwezi kuitetea sana, ya karanga ya gramu 40 ukichukulia nusu karanga nusu sukari inatoka faiba gramu 1.7 na sukari gramu 20, ni ndugu wa ile biskuti ya oti.

Na kuna faiba tunayo mkononi tunaitupa. Angalia tunavokula chungwa, tunalimenya kwa kisu, tunalikata juu, tunafyonza maji afu makapi tunatema. Zile gramu 3 zimo kwenye hayo makapi, na ukinywa juisi iliyochujwa unakuwa umekunywa sukari ya machungwa manne bila kitu cha kuipunguza kasi. Nazi vilevile, nyama yake ina kama gramu 9 kwa gramu 100, tunakamua tui, machicha tunawamwagia kuku. Kuku wa Tanga wanakula faiba kuliko sisi. Mahindi tunakoboa tunapata sembe nyeupe, pumba inaenda kwa ng'ombe. Mama mdogo hapo alikaa kimya kidogo, akasema bibi alikuwa anatia machicha kwenye vitumbua na walikuwa wanamcheka.

Lakini baa ina sehemu yake na sitaki kuidharau. Mtu yuko safarini kwenda Dar, basi limesimama Segera, mbele yake kuna chipsi na soda, baa ya tende na karanga kwenye mkoba ni afadhali mara kumi. Mtu anayefanya kazi zamu ya usiku vilevile. Ndo maana tukaamua kutengeneza yetu, na sio kazi kubwa. Tende gramu 200 bila kokwa, karanga za kukaanga kavu gramu 150, ufuta gramu 50 uliokaangwa mpaka unaanza kuruka ruka kwenye sufuria, chumvi ncha ya vidole viwili. Karanga unazitwanga kwenye kinu zibaki chenga, usizifanye siagi, afu unatia tende unaendelea kutwanga mpaka vinashikana, ukiona mchi unanata lowesha kidogo. Unaumwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, unaukandamiza kwa chini ya kikombe, unakata vipande kumi. Kila kimoja gramu 40, faiba kama 3.5, sukari kama 13. Yule binti anaipenda ikitiwa unga wa ubuyu juu, inakuwa na uchachu, na mi sasa naona bila huo ubuyu haijakamilika.

Ziwekwe kwenye friji. Kwa joto letu hili zikikaa nje zinalegea siku hiyo hiyo, na ukizisahau kabatini karanga zinaanza kutoa ile harufu ya mafuta yaliyokaa, hapo usile. Mama mdogo anachukua nusu kipande na chai baada ya chakula cha mchana, asubuhi mbaazi na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na zile baa mbili za chokoleti zilizobaki kampa jirani, kamwambia ale robo robo.